Kwa nini daktari wa meno alianza na shingo? Wanachotafuta madaktari wanapokukagua nawe huumwi

#1 Msafiri_Kibaha
Habari zenu wana jukwaa. Mwajiri wetu hutulipia uchunguzi wa afya kila mwaka, na safari hii ameongeza daktari wa meno. Daktari wa kwanza alinivuta kope za chini, akazitazama kucha zangu, akanigonga mgongo kwa vidole, kisha akanibonyeza tumbo huku akiniambia nivute pumzi kwa nguvu. Wa meno alinishangaza zaidi: alinipima presha, akanipapasa shingo na chini ya taya, akaushika ulimi wangu kwa kitambaa na kuugeuza kulia na kushoto, na meno yenyewe akayatazama mwishoni kwa muda mfupi kuliko hayo mengine yote. Sikuwa na maumivu popote.

Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya ukaguzi wa mikono ni mazoea ya enzi ambazo maabara hazikuwapo, na kwamba leo tone la damu na picha ya eksirei vinatosha. Anayeona vingine anieleze kila tendo lilikuwa linatafuta nini, hasa hilo la daktari wa meno kuanzia shingoni.

#2 Kipimajoto
Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Tabora, kwa hiyo nitajibu ya daktari wa kwanza na kuwaachia wa meno ya kwao.

Kope la chini huvutwa ili ionekane rangi ya utando wa ndani. Ukiwa umepauka tunashuku upungufu wa damu, ingawa upungufu mdogo hutupita machoni. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na himoglobini isiyopungua gramu 12 kwa desilita na mwanamume 13, na namba hizo husomwa kwenye mashine, si kwenye kope. Hapo hapo tunatazama sehemu nyeupe ya jicho, kwa sababu umanjano unaotokana na ini, au na chembe nyekundu za damu zinazovunjika upesi, huonekana jichoni kabla ya kuonekana kwenye ngozi, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Kazi hii inataka mwanga wa dirishani, kwa kuwa taa ya rangi ya manjano humficha mgonjwa aliye manjano.

Kucha iliyobonyea katikati huashiria upungufu wa madini ya chuma. Kucha iliyopinda juu ya ncha ya kidole iliyonenepa hutufanya tuyafikirie mapafu na moyo. Njia moja ya kuthibitisha ni kukutanisha kucha za vidole viwili vya aina moja mgongo kwa mgongo: kwa kawaida hubaki uwazi mdogo katikati, na uwazi huo ukitoweka kuna jambo. Jambo hilo liliandikwa mwaka 1976 na Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, ambaye aliligundua kwenye vidole vyake mwenyewe alipougua maambukizi ya moyo.

Ama tumbo, ukivuta pumzi ini na bandama hushuka na kukutana na vidole vya daktari. Bandama ya kawaida haipapasiki. Ikifika mkononi ujue imekwisha kukua, na kwetu tunafikiria kwanza malaria ya kujirudia au kichocho cha tumbo, hasa kwa watu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Tone la damu halitakuambia bandama yako ina ukubwa gani.

#3 Mhasibu_Mtaa
Tabibu, altrasaundi inaipima bandama kwa sentimita, bila mtu kunibonyeza. Mtoa mada ana hoja.

#4 Fundi_Gego
Ahsante Tabibu kwa kutuachia yetu. Ndugu Msafiri, daktari wako wa meno alifanya kazi kwa mpangilio ule ule tunaofundishwa: nje kwanza, kisha tishu laini, na meno mwisho. Anayeanza na jino lililotoboka hunaswa nalo, akasahau kilicho pembeni.

Pembe za ulimi na sakafu ya kinywa, yaani pale chini ya ulimi, ni mahali saratani ya kinywa hupenda kuanzia, na mwenye ulimi hawezi kupaona vizuri kwa kioo cha nyumbani. Ndiyo sababu ya kitambaa, kwani ulimi mkavu hushikika na uliolowa huponyoka. Tunatafuta kidonda, baka jeupe lisilofutika, baka jekundu, au ugumu unaohisiwa na kidole kabla ya kuonwa na jicho. Kidonda chochote cha kinywani kilichopita wiki mbili bila kupona kinastahili kuonwa, hata kama hakiumi, na pengine hasa kama hakiumi. Shingoni na chini ya taya tunatafuta mitoki. Mtoki laini, unaouma na unaotembea chini ya kidole mara nyingi unatokana na jino bovu au mafua. Ulio mgumu, usiouma na ulionasa mahali pamoja unatupeleka kwenye swali lingine.

Pembe hizo hizo za ulimi huonyesha pia kinga ya mwili inavyoendelea. Tangu miaka ya 1980 wanaochunguza vinywa wamefahamu kwamba utando mweupe wenye mistari pembeni mwa ulimi, au fangasi wa kinywa kwa mtu mzima asiye na sababu nyingine, ni dalili ya kumshauri mtu apime virusi vya UKIMWI.

#5 Bint_Jozani
Namuunga mkono Fundi kwa jambo la kwetu Unguja. Mama yangu mkubwa alikuwa mtafunaji wa tambuu tangu usichana wake, na alikwenda kwa daktari wa meno kwa ajili ya gego tu. Daktari alimwambia afungue kinywa, akapima kwa rula uwazi kati ya meno ya juu na ya chini, akapapasa mashavu kwa ndani na kukuta yamekakamaa. Sisi nyumbani tulidhani mama amezoea tu kula matonge madogo. Kilichomfikisha huko ni popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya jani la tambuu, na wengi wanaamini kwamba tambuu isiyo na tumbaku haina madhara, ilhali Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka popoo yenyewe, bila tumbaku, katika kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 2004.

#6 Mhasibu_Mtaa
Pole kwa mama mkubwa, dada. Hata hivyo Msafiri hatafuni tambuu, na alipimwa presha kwa daktari wa meno. Mimi nashughulika na madai ya bima, na naona kila kliniki ina fomu yenye visanduku; kisanduku kisipojazwa, dai hurudishwa. Watu wanatafuta maana ya kitabibu mahali ambapo maana yake ni karatasi.

#7 Fundi_Gego
Mhasibu, presha ina sababu yake hata pasipo karatasi. Dawa ya ganzi tunayoitumia mara nyingi huchanganywa na adrenalini ili ikae mahali pake na kupunguza damu, na hofu ya sindano nayo huongeza adrenalini ya mwili, na adrenalini hupandisha presha. Wengi wetu mtu akisoma 180 kwa 110 na jino lake linaweza kusubiri, tunamrudisha kwa daktari wake kwanza. Isitoshe, baadhi ya dawa za presha, kama amlodipini na nifedipini, huweza kunenepesha fizi mpaka zikafunika meno, kama inavyofanya fenitoini ya kifafa. Nisipojua unameza nini nitakusafisha meno kila mara na fizi zitaendelea kukua.

#8 Kamau_wa_Ruiru
Salamu kutoka Kiambu. Nina swali linalokaribiana na hilo: nikipimwa hospitalini presha yangu ni ya juu, nikipimwa kwa mwanafamasia mtaani ni ya kawaida, na kwa daktari wa meno ilikuwa ya juu kuliko zote. Nimwamini nani? Daktari mmoja alinipima mikono yote miwili na kuandika namba tofauti, jambo lililonichanganya zaidi.

#9 Nesi_Mwandamizi
Kaka Kamau, kabla hujamlaumu mtu jiulize ulivyokaa. Ulipaswa kutulia kwenye kiti kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili iko sakafuni bila kukunjwa nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu hakijajaa, na midomo imefungwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkono unaoning'inia hupandisha. Kuzungumza na nesi hupandisha. Kwa daktari wa meno mtu huwa amelala nusu, kinywa wazi, akisikia mashine ya chumba cha pili.

Mikono miwili hupimwa mara ya kwanza ili kujua ni upi utakaotumika siku zote, nao ni ule wenye namba ya juu. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikizidi 10 na kurudia hivyo, daktari huanza kuifikiria mishipa yenyewe.

#10 Kipimajoto
Ongeza hapo, dada Nesi, kwamba wako watu ambao presha yao hupanda kwa kumwona mhudumu tu, na wako wengine ambao hospitalini ni ya kawaida na nyumbani ni ya juu; hawa wa pili ndio wanaotutia hofu, kwa sababu hatuwaoni. Kamau apime nyumbani asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, aandike, apeleke daftari.

#11 Kamau_wa_Ruiru
Nashukuru. Na kipimo chenyewe ni kipi? Huku naambiwa 140 kwa 90, ndugu yangu aliyeko Marekani anasema 130 kwa 80 tayari ni ugonjwa.

#12 Nesi_Mwandamizi
Nyote mko sahihi kwa miongozo yenu. Wamarekani walishusha mpaka wao mwaka 2017, na nchi nyingi zimebaki na 140 kwa 90.

#13 Mzee_wa_Same
Vijana mnasahau historia. Kugonga mgongo kulianzishwa na Laennec, Mfaransa yule yule aliyebuni stetoskopu, naye aliona aibu kuweka sikio kifuani mwa mwanamke.

#14 Mwalimu_Biolojia
Shikamoo Mzee wangu. Aibu na stetoskopu ni zake kweli, mwaka 1816 kule Paris, na ya kwanza ilikuwa karatasi iliyoviringishwa. Kugonga ni kwa Leopold Auenbrugger wa Vienna, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba kijana alijifunza kwa kugonga mapipa ya divai ili kujua yamejaa mpaka wapi, akaona kwamba kifua nacho hulia tofauti kikiwa na hewa na kikiwa na maji. Wenzake hawakumjali mpaka Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa mwaka 1808.

#15 Mzee_wa_Same
Marahaba mwalimu. Kwa hiyo tunadaiwa pesa kwa ufundi wa muuza pombe.

#16 Takwimu_Tupu
Mjadala ni mzuri, lakini hamjamjibu mtoa mada. Swali lake si kama kila tendo lina maana, bali kama linamsaidia mtu asiyeumwa. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio yaliyohusisha zaidi ya watu 250,000, yakilinganisha walioalikwa kwenye uchunguzi wa jumla wa afya na wasioalikwa, na tofauti ya vifo, kwa sababu zote au kwa saratani, ilikuwa ndogo mno au haikuwapo. Kinachoongezeka ni majina ya magonjwa kwenye faili na vidonge kwenye droo.

#17 Msafiri_Kibaha
Hatimaye nimepata wakili.

#18 Kipimajoto
Wakili wako, ndugu, amesoma hukumu ya mahakama nyingine. Majaribio yale yalifanywa katika nchi tajiri, ambako mtu mwenye kisukari au presha ana nafasi kubwa ya kugunduliwa anapokwenda kwa daktari wake kwa jambo lingine. Huku kwetu mara nyingi mtu hugunduliwa ana presha siku anapopooza. Siku moja kijana aliyehitaji tu cheti cha kujiunga na chuo aliletwa kwangu, mwenye afya, mcheza mpira. Nilipoweka stetoskopu nikasikia sauti ya ziada baada ya pigo la kwanza, ikielekea kwapani. Alipelekwa kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti, akakutwa na valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayotokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Hakuna tone la damu ambalo lingetutuma huko.

#19 Takwimu_Tupu
Tabibu, kisa kimoja hakishindani na majaribio 15. Vilevile hatujui ni vijana wangapi wametumwa kwenye mashine kwa sauti isiyo na ugonjwa, wakalala bila usingizi mpaka majibu yalipotoka. Vijana wembamba wenye afya wana sauti za namna hiyo kwa wingi.

#20 Nesi_Mwandamizi
Hilo la vijana wembamba ni kweli, ingawa sauti zao huwa nyepesi na nyingi hubadilika mtu akiinuka. Aliyoieleza Tabibu, inayokwenda kwapani, si ya kupuuzwa.

#21 Maskati_Kwetu
Wanajukwaa, huku Muscat kuna uchunguzi wa tatu ambao hamjautaja, nao ni ule wa kibali cha kazi. Eksirei ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, damu kwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C, mimba kwa wanawake, kisha muhuri wa kufaa au kutofaa. Hakuna aliyenivuta kope. Mwenzangu alipita kwa muhuri safi huku meno yake manne yameoza na presha yake haikuwa imezungumzwa na mtu yeyote. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: uchunguzi huu unafanywa kwa faida ya nani?

#22 Mhasibu_Mtaa
Ndugu wa Muscat umenena. Na wa mwajiri wa Msafiri ni kwa faida ya nani?

#23 Kamau_wa_Ruiru
Wote mnakwepa jambo moja. Wanaume waliofika 50, kile kipimo cha kidole mmefanya?

#24 Mzee_wa_Same
Mtandao wangu umekuwa hafifu ghafla.

#25 Kipimajoto
Mzee, rudi hewani. Kidole kinaweza kufika upande wa nyuma wa tezi dume, na sehemu hiyo ndiyo saratani nyingi za tezi huanzia, kwa hiyo hakikubuniwa kwa kejeli. Hata hivyo kinaweza kuikosa iliyo ndogo au ya mbele, na kipimo cha damu cha PSA nacho hupanda kwa uvimbe usio saratani au kwa maambukizi ya mkojo. Mwenye mkojo wa kukatika, wa usiku mara nyingi au wenye damu asibishane na mtu, aende.

#26 Takwimu_Tupu
Kwa asiye na dalili mambo ni mengine. Jopo la Marekani la huduma za kinga lilitamka mwaka 2018 kwamba wa miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe juu ya PSA baada ya kuzungumza na daktari, na halikuunga mkono kidole kama kipimo cha uchunguzi wa jumla.

#27 Mzee_wa_Same
Mtandao umerudi.

#28 Leicester_Mswahili
Nirudi kwenye meno. Sisi tulioko Uingereza tumezoeshwa kwenda kila miezi 6, na kila ninayemuuliza hunipa asili tofauti ya namba hiyo. Mmoja anasema ni matangazo ya dawa za meno ya redio za Marekani, mwingine anasema ni mikataba ya bima, wa tatu anasema ni muda ambao tundu dogo huhitaji kufika kwenye kiini cha jino. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2004 unampa mtu mzima muda wa kati ya miezi 3 na miaka 2 kufuatana na hatari yake, na jaribio lililofuatilia watu wazima kwa miaka 4 na kuchapishwa mwaka 2020 halikuona tofauti ya maana ya damu kwenye fizi kati ya wanaokaguliwa kila miezi 6 na kila miezi 24.

#29 Fundi_Gego
Sababu ya tundu kufika kwenye kiini haisimami yenyewe, kwani mwendo wa tundu hutofautiana mno: kwa mtoto anayelala na chupa ya maziwa yenye sukari ni miezi michache, kwa mtu mzima anayetumia floraidi huweza kuwa miaka, au likasimama kabisa. Mimi nampangia mtu muda kwa kipimo cha fizi. Kile kijiti chembamba chenye alama hupima kina kati ya jino na ufizi. Milimita 1 hadi 3 bila damu, naweza kukuacha mwaka mzima. 4 na zaidi, hasa ukiwa na kisukari au ukivuta sigara, tutaonana mapema. Kisukari hudhuru fizi, na fizi zilizovimba kwa maambukizi huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa, kwa hiyo swali letu la sukari nalo si udaku.

#30 Mkulima_Usa_River
Mimi niliambiwa nina meno machafu na daktari mgeni, kumbe ni maji ya kwetu. Watu wa Arusha na Kilimanjaro mnaelewa.

#31 Fundi_Gego
Rangi ya kahawia inayotokana na floraidi nyingi iko ndani ya jino, haipigwi mswaki ikatoka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Magadi ya kupikia maharage nayo huongeza. Daktari wa huko anapoona meno ya hivyo, swali lake la kwanza linapaswa kuwa ulikulia wapi, maana madhara hayo hutokea meno yakiwa bado yanajengeka utotoni.

#32 Mwalimu_Biolojia
Jambo hilo la mgeni linagusa vipimo vingine. Watu wengi weusi wana fizi zenye mabaka meusi ya asili na weupe wa jicho wenye vivuli vya kahawia, na daktari asiyetuzoea huweza kuviita ugonjwa. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni nacho kina shida hiyo: watafiti wa Michigan waliripoti mwaka 2020 kwamba kilikosa kuuona upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Msafiri anayeamini mashine kuliko mikono alifikirie hilo.

#33 Msafiri_Kibaha
Nimelisoma, mwalimu. Bado nasema mikono nayo ina macho ya mtu aliyefundishwa kwa vitabu vya Ulaya.

#34 Mama_Chonge
Samahani kwa kuingilia. Binti yangu wa darasa la nne alikaguliwa shuleni, na mkaguzi akaniuliza kama alipokuwa mchanga aling'olewa "meno ya plastiki", kwa kuwa chonge moja ya chini haipo na nyingine imetoka imepinda. Alijuaje? Ni kweli bibi yake alimpeleka kwa mtaalamu wa kijijini alipokuwa akiharisha.

#35 Fundi_Gego
Mama, alijua kwa sababu mpangilio huo ni alama yake. Yale mavimbe meupe kwenye ufizi wa mtoto ni chonge za utoto zinazokua chini yake; huonekana kwa watoto wote, wanaoharisha na wasioharisha. Akichokonoa pale, mganga huweza kuharibu chipukizi la chonge ya ukubwani lililo jirani, na wako watoto waliopoteza maisha kwa maambukizi na kwa kutokwa damu. Mpeleke apigwe eksirei ya taya, ili ijulikane kama chonge haipo kabisa au imekwama, maana iliyokwama huweza kuvutwa mahali pake akiwa bado mdogo.

#36 Bint_Jozani
Na mtoto asiye na tatizo apelekwe lini mara ya kwanza, Fundi? Kwetu husemwa mpaka aanze shule.

#37 Fundi_Gego
Jino la kwanza likitoka, au kabla hajatimiza mwaka mmoja. Tangu hapo unaweza pia kumkagua mwenyewe kila mwezi: mlaze mapajani, inua mdomo wa juu, tazama karibu na ufizi. Ukiona mstari mweupe uliofifia kama chokaa, hapo jino limeanza kupoteza madini na bado linaweza kurudishwa kwa floraidi bila kutobolewa.

#38 Mzee_wa_Same
Na wajukuu wanaouma kidole cha mkaguzi?

#39 Nesi_Mwandamizi
Hao, Mzee, huwa wana fizi zenye afya.